Laptopu haioni ruta iliyo chaneli 13 wala 112, simu inaziona zote. Kadi ya Wi-Fi inakufa au imefungwa?

#1 Mpiga_Mbiu
Wakuu, salaam.

Siku ya tatu sasa nahangaika na jambo moja. Ruta yangu ina bendi mbili. Ile ya 2.4 GHz nimeiweka chaneli 13, maana 1, 6 na 11 zimejaa majirani hadi hakuna pa kupumulia. Ile ya 5 GHz iko chaneli 112. Simu inaona majina yote mawili, mawimbi yamejaa. Laptopu yangu ya Linux haioni hata moja.

Kinachonichanganya ni kwamba laptopu hiyohiyo inaona majirani wa chaneli 1, 6, 11 na hata 36 bila shida. Nikiihamisha ruta chaneli 6, laptopu inaidaka papo hapo. Kwa hiyo antena ni nzima.

Msimamo wangu: chipu imechoka upande wa juu wa masafa na inakufa kidogo kidogo. Aliyewahi kuona kadi ikifa kwa mtindo huu aseme kabla sijanunua nyingine.

#2 dada_terminali
Usinunue chochote. Kadi haichagui chaneli za kufa nazo. Tuwekee matokeo ya `iw reg get` (`iw` ni amri ya Linux ya kukagua na kupanga Wi-Fi), na kwenye `iw list` tafuta mistari ya 2472 na 5560, utwambie pembeni yake pameandikwa nini.

#3 Kipanga5
Jibu ninalo hata kabla hujaweka. Ni kanuni za nchi. Kila draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayoendesha kadi, inafuata orodha ya masafa yanayoruhusiwa katika nchi fulani. Mashine isipojua iko nchi gani inashika msimbo 00, yaani "dunia nzima", kanuni kali kuliko zote kwa sababu zinatakiwa zisivunje sheria ya mtu yeyote. 00 inafunga 12, 13 na chaneli nyingi za 5 GHz. Andika `iw reg set` na herufi mbili za nchi uliyopo, mchezo umekwisha.

#4 Mpiga_Mbiu
Asante dada. Haya hapa:

`country 00: DFS-UNSET`

Na kwenye `iw list`:

`* 2462 MHz [11] (20.0 dBm)`
`* 2472 MHz [13] (disabled)`
`* 5180 MHz [36] (20.0 dBm) (no IR)`
`* 5560 MHz [112] (disabled)`

Kipanga, naona ulikisia sawa. Nimeweka nchi yangu kama ulivyosema. Amri imekubali kimyakimya, lakini nikiuliza tena bado naambiwa 00.

#5 Kipanga5
Nilisema.

#6 Mzee_wa_Masafa
Kipanga, mwanangu, umepatia mlango ukakosea ufunguo. 00 haifungi 13. Soma kanuni za 00 zilizomo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux: chaneli 1 hadi 11 ni huru, 12 na 13 zimo lakini kwa masharti ya kukaa kimya. Maana yake kadi inaruhusiwa kusikiliza, hairuhusiwi kuanza kuita. Hata sehemu kubwa ya 5 GHz imo kwa masharti hayohayo.

Tofauti hii watu wengi wanairuka, na ndiyo roho ya suala zima. Kuskani kuna namna mbili. Ya kwanza, kadi inapiga hodi: "Kuna mtu hapa?" Ruta zilizopo zinajibu, kazi inaisha haraka. Ya pili, kadi inanyamaza na kusubiri bikoni, yaani lile tangazo ambalo kila ruta hulitoa mara kumi hivi kwa sekunde. Palipoandikwa `no IR`, kadi haina ruhusa ya kuwa wa kwanza kutoa mawimbi, kwa hiyo inasikiliza tu. Palipoandikwa `disabled`, haisikilizi wala haiiti. Chaneli hiyo kwake haipo.

Ingekuwa 00 peke yake, 13 ingeonekana kwa kusikiliza. Kwa Mpiga_Mbiu imeandikwa `disabled`. Kuna kufuli jingine. Tuone `dmesg | grep -i -e cfg80211 -e ath -e regulatory`.

#7 Kipanga5
Hapo umenisahihisha mzee, nakubali. Lakini bado ni kanuni za nchi, si chipu kufa.

#8 Mzee_wa_Masafa
Hilo tuko pamoja.

#9 nyuki_wa_usiku
Mimi nina kisa cha `no IR`. Nilificha jina la mtandao wangu wa 5 GHz, chaneli 149. Laptopu moja ikawa haiunganishi kamwe, nyingine inaunganisha kila mara. Nikabadilisha nywila mara nne nikidhani ni nywila. Kumbe ile laptopu ilikuwa kwenye 00. Mtandao uliofichwa jina unahitaji uuitwe kwa jina lake ndipo uitike, na kadi iliyokatazwa kuita inasikia bikoni isiyo na jina na kupita zake. Nilipofichua jina tu, ikaunganisha.

#10 Mpiga_Mbiu
Nimefanya, mzee:

`cfg80211: failed to load regulatory.db`
`ath: EEPROM regdomain: 0x0`
`ath: EEPROM indicates default country code should be used`
`ath: country maps to regdmn code: 0x3a`
`ath: Country alpha2 being used: US`

Sijawahi kuweka US mahali popote. Lugha ya mashine ni Kiswahili, saa ni ya hapa, kila kitu cha hapa.

#11 Mzee_wa_Masafa
Una makufuli mawili, moja juu ya jingine.

La kwanza ni huo mstari wa juu. Kerneli inatafuta hifadhidata ya kanuni za nchi zote, faili `regulatory.db`, na haioni. Zamani kazi hiyo ilifanywa na programu ya pembeni iliyoitwa CRDA. Tangu kerneli 4.15, kerneli inaweza kuisoma hifadhidata yenyewe, pamoja na sahihi yake `regulatory.db.p7s`. Faili lisipokuwepo, ukiandika `iw reg set` ni sawa na kumwagiza mtu kitabu kwenye maktaba iliyofungwa. Ndiyo maana amri yako ilikubaliwa na hakuna kilichobadilika. Sakinisha kifurushi cha `wireless-regdb`.

La pili liko ndani ya kadi. EEPROM ni kumbukumbu ndogo ambayo kiwanda huandika nchi ya kadi. Yako imeandikwa 0x0, maana yake "tumia nchi ya msingi", na draiva za jamii ya ath, yaani za chipu za Atheros, zinatafsiri hivyo kuwa Marekani. Lugha ya mashine na saa haziingii humu hata kidogo.

#12 fundi_wa_paa
Kuhusu hiyo hifadhidata, angalizo kwa wanaotumia Debian na jamaa zake. Debian inaweka faili mbili, moja imetiwa sahihi na Debian wenyewe na nyingine na watunzaji wa asili. Ukijijengea kerneli yako kutoka chanzo, haitambui sahihi ya Debian. Faili lipo, lakini logi inasema ni bovu au halina sahihi halali. Nilizunguka na hilo wiki nzima. Dawa ni `update-alternatives --config regulatory.db`, uchague ile ya `upstream`.

#13 Sauti_ya_Mbali
Jamani, mbona hakuna anayetaja majirani? Mimi nina hakika tatizo ni jirani. Ruta hutangaza nchi yake ndani ya bikoni, ni kiwango cha 802.11d, cha tangu 2001. Mtu akija na ruta aliyoinunua mbali, inatangaza nchi ya huko, na mashine zote zinazoisikia zinachanganyikiwa. Kompyuta ya Apple niliyokuwa nayo ilikuwa ikiniambia waziwazi kwamba kuna misimbo ya nchi inayogongana. Siku jirani alipohama, chaneli zangu zilirudi.

#14 dada_terminali
Kisa chako nakiamini, lakini kwa Mpiga_Mbiu hakikai. Kwa draiva za kawaida za Linux, nchi inayotangazwa na ruta inazingatiwa baada ya kuunganishwa nayo, si kwa kuisikia ikipita. Naye hajaunganishwa na jirani yeyote. Ukitoka kwenye mtandao huo, kerneli inarudisha kanuni za awali.

Kwa kadi za Intel ni hadithi nyingine, zina mambo yao.

#15 Sauti_ya_Mbali
Hewani hakuna ukuta, dada. Sijashawishika bado.

#16 mkia_wa_waya
Nani amesema Intel? Nina kidonda hapo.

Laptopu yangu ina kadi ya Intel. Nilitaka iwe hotspoti ya 5 GHz. `iw list`: chaneli zote za 5 GHz zina `no IR`. Nikaweka nchi. Nikaweka `cfg80211.ieee80211_regdom` wakati wa kuwasha. Nikaweka `country_code` kwenye hostapd, programu inayogeuza kompyuta kuwa hotspoti. Hola. Mwishowe nikaona kwenye `iw reg get` sehemu mbili: juu `global` na nchi niliyoweka, chini `phy#0 (self-managed)` na nchi nyingine kabisa. Kadi inajisimamia. Programu iliyo ndani ya chipu inakisia yenyewe iko wapi kwa mambo inayoyasikia hewani, na maneno yako inayasikia kama upepo.

Zamani palikuwa na kigezo cha `lar_disable` cha kuzima tabia hiyo. Kikaondolewa. Tangu hapo hotspoti yangu ni 2.4 GHz na inaniuma kila nikiitazama.

#17 Sauti_ya_Mbali
"Kwa mambo inayoyasikia hewani." Asante mkia_wa_waya. Jirani huyo.

#18 dada_terminali
Kwa Intel, ndiyo. Mpiga_Mbiu ana Atheros. Soma #10.

#19 chaneli_kumi_na_nne
Njia fupi hii hapa, wakuu: `iw reg set BO`, yaani jifanye uko Bolivia. Chaneli zinafunguka na nguvu inapanda hadi 30 dBm. Nimeitumia miaka.

#20 fundi_wa_paa
Hiyo BO imezunguka mitandaoni muda mrefu mno. Kwanza, nguvu haipandi. Namba kwenye skrini inapanda, lakini kadi ina kikomo chake kilichoandikwa kiwandani, na draiva inachukua kilicho kidogo kati ya viwili. Pima kwa kifaa, utaona mawimbi ni yaleyale.

Pili, na hili naomba ulisome kwa utulivu. Nimefanya kazi ya kufunga viungo vya masafa marefu juu ya mapaa kwa muda mrefu. Kati ya 5600 na 5650 MHz kuna rada za hali ya hewa. Mtu akiidanganya ruta kuhusu nchi ili asisubiri ukaguzi wa rada, mawimbi yake yanaingia kwenye rada na kuchora mwale mrefu juu ya picha, kutoka kilipo chombo chake hadi ukingoni. Ndani ya mwale huo mtabiri hajui palipo na mvua ni wapi. Nimeiona picha ya namna hiyo kwa macho yangu na sikuisahau. Anayefanya hivyo nyumbani kwake hajui kabisa kama ameharibu kitu, kwa sababu Wi-Fi yake inakwenda vizuri.

#21 chaneli_kumi_na_nne
Sikujua hilo la rada. Nilikuwa nikitumia kwa 2.4 tu lakini naelewa. Nitaacha.

#22 Kipanga5
Na jina lako je? Chaneli 14 iko 2484 MHz, Japani peke yake, tena kwa 802.11b tu. Jina lenyewe kosa la kisheria hili, mkuu.

#23 chaneli_kumi_na_nne
Haha. Jina nabaki nalo.

#24 Mpiga_Mbiu
Nimerudi na habari nusu.

Nimesakinisha `wireless-regdb`, nikawasha upya. Sasa `iw reg get` inasema `country US: DFS-FCC`. Na 112 imefufuka! Pembeni yake imeandikwa `(no IR, radar detection)`, na nikiskani jina la ruta linaonekana. Nimeunganisha, kasi nzuri.

13 bado `disabled`. Nimeweka nchi yangu tena, safari hii imebadilika ikawa `country 98`. Nchi namba 98 ni ipi hiyo? Na 13 ikabaki ilivyokuwa.

Rafiki kaniazima adapta ya USB yenye chipu nyingine. Ile inaona 13 mara moja, kwenye laptopu hiihii.

#25 Mzee_wa_Masafa
98 si nchi. Ni alama ya makutano. Kadi inasema Marekani, wewe unasema kwingine, kerneli inachukua yale tu ambayo pande zote mbili zinaruhusu. Ukiweka nchi nyingine orodha inaweza kupungua; kuongezeka zaidi ya alivyosema mwenye kadi, haiwezi. Wengi wanadhani `iw reg set` ni amri ya kufungua. Ni amri ya kubana.

Na ile 112 iliyofufuka inaeleweka. Hifadhidata ilipokosekana, draiva ilishika orodha yake ya akiba, ambayo haina chaneli za katikati za 5 GHz na kwenye 2.4 inaishia 11. Ilipopata kanuni kamili za Marekani, za katikati zikarudi.

#26 nyuki_wa_usiku
Kwa hiyo Marekani wamekataza 12 na 13? Nilisikia hivyo siku zote.

#27 fundi_wa_paa
Si katazo la moja kwa moja. Bendi yenyewe inaishia 2483.5 MHz. Juu yake, hadi 2500, kuna masafa yanayolindwa, setilaiti zimo humo. Chaneli 13 katikati yake ni 2472, upana wake unafika 2482, na mawimbi hayakatiki kama kisu, yanateremka polepole. Kule masharti ya kinachovuja juu ya 2483.5 ni makali, hivyo mtengenezaji angelazimika kushusha nguvu sana kwenye 12 na 13. Wengi wanaona nafuu kuziacha. Ulaya wana kikomo cha 100 mW kwa bendi nzima, na 13 wanaitumia kawaida.

#28 mkia_wa_waya
Mpiga_Mbiu, kuna watu wanabadilisha faili la `regd.c` la draiva ya ath na kulijenga upya ili lipuuze EEPROM. Nakupa habari tu.

#29 dada_terminali
Na kila kerneli mpya inapokuja anaanza upya. Hamishia 2.4 GHz kwenye 11, mambo yaishe. 5 GHz unayo tayari.

#30 Mpiga_Mbiu
Dada, nakuelewa, ila linaniuma. Nipo katika nchi ambayo 13 ni halali. Ruta ni halali, simu ni halali. Kadi ndiyo inashikilia sheria ya nchi ambayo haijawahi kukanyaga tangu niinunue. Kwa nini aliyeko mbali anichagulie?

#31 fundi_wa_paa
Kwa sababu mwenye kiwanda ndiye anayeulizwa kifaa kikivuruga masafa. Wewe hauulizwi. Sisemi ni haki kwako, nasema ndiko lilikotoka.

#32 kitasa_cha_shaba
Nimesoma uzi mzima, shukrani kwa wote. Kwangu ni Raspberry Pi. Iligoma kabisa kuwasha Wi-Fi hadi niweke nchi, ikiandika kwamba imezuiwa na rfkill, swichi ya Linux ya kuzima redio. Nikakasirika. Baada ya kusoma hapa naona afadhali ile inayogoma na kusema sababu kuliko hii inayoficha chaneli kimya.

#33 nyuki_wa_usiku
Na wenye adapta za Realtek zenye draiva za kujijengea kutoka chanzo, msihangaike na `iw reg set`. Draiva nyingi za namna hiyo zina orodha yake ya chaneli. Tafuteni kigezo cha `rtw_country_code` kwenye mipangilio ya moduli. Mimi niliandika nchi kila mahali isipokuwa hapo.

#34 Mpiga_Mbiu
Nilidhani 112 imekwisha. Haijaisha.

Inaonekana, inapotea. Naskani mara ya kwanza ipo, ya pili haipo, ya tatu haipo, ya nne ipo. Nikishaunganishwa haikatiki. Shida ni kuiona. Mzee, nini tena?

#35 Kipanga5
Rada. Chaneli 52 hadi 64 na 100 hadi 144 ruta inalazimika kusikiliza rada kwanza. Inasubiri sekunde 60 kabla ya kutangaza, na kwa kanuni za Ulaya ikiwa kwenye masafa ya rada za hali ya hewa inasubiri dakika 10. Ikisikia rada inahama, na hairudi pale kwa dakika 30. Ruta yako inahamahama.

#36 dada_terminali
Ingekuwa inahama angekatika akiwa ameunganishwa, au angalau angejikuta chaneli nyingine. Anasema hakatiki. Na 112 ni 5560 MHz, haimo kwenye 5600 hadi 5650.

#37 Kipanga5
Ukiwa na upana wa 80 MHz chaneli inameza jirani zake.

#38 fundi_wa_paa
Inameza, lakini kuelekea chini. Kundi la 80 MHz lenye 112 ni 100, 104, 108 na 112, mwisho wake 5570. Linaloanza 116 ndilo linalofika 5650. Rada nyinginezo zinaweza kuwepo popote humo, hilo sikatai.

#39 Mzee_wa_Masafa
Mimi natazama muda. Kadi hairuhusiwi kuita kwenye 112, inasikiliza tu. Kwa draiva zinazotumia mac80211, sehemu ya kerneli inayoendesha Wi-Fi, kadi inakaa kimya kwenye chaneli ya namna hii takriban milisekunde 111, kisha inaondoka. Bikoni ya kawaida inatoka kila milisekunde 102.4. Nafasi ni ya bikoni moja tu! Ikigongana na mawimbi mengine ikaharibika, umeikosa hadi skani ijayo. Kwenye chaneli za kuita, kadi inakaa kama milisekunde 30 tu na inatosha, kwa sababu inajibiwa.

Mpiga_Mbiu, kwenye ruta, muda kati ya bikoni na bikoni umeandikwa ngapi?

#40 Mpiga_Mbiu
300. Nilisoma mahali kwamba ukiongeza unapunguza kelele hewani, nikaongeza.

#41 Mzee_wa_Masafa
Ndiyo hiyo. 300 kwa kipimo chake ni milisekunde 307. Unasikiliza 111 kati ya 307, theluthi na ushei. Rudisha 100. Kisha fanya `iw dev wlan0 scan freq 5560 passive` mara hamsini, uhesabu.

#42 Sauti_ya_Mbali
Na jirani mpya kahamia lini?

#43 dada_terminali
Sauti_ya_Mbali, nakupenda kwa kutokata tamaa.

#44 kitasa_cha_shaba
Swali la pembeni wakati tunasubiri. Kadi yangu mpya inajua 6 GHz, lakini `iw list` inaonyesha chaneli zote za 6 GHz `disabled`. Ni jambo hilihili?

#45 mkia_wa_waya
Hilihili, na kali zaidi. Kwenye 00 hakuna 6 GHz kabisa. Kisha nchi zenyewe hazilingani: Marekani mwaka 2020 walifungua 5925 hadi 7125 MHz yote, Ulaya mwaka 2021 wakafungua sehemu ya chini tu, 5945 hadi 6425. Ruta ya huku inaweza kukaa chaneli ambayo kadi ya kule haijui kama ipo. Na kwa kuwa chaneli za 20 MHz ni 59, kadi haizungukii zote kwa kusikiliza. Inapewa dokezo na ruta ileile kupitia bendi za chini, au inapita zile 15 zilizotengwa kwa kutafutana. Kwa hiyo ukizima 2.4 na 5 kwenye ruta, unaweza kupoteza 6 usijue kwa nini.

#46 Mpiga_Mbiu
Matokeo.

Bikoni ikiwa 300: imeonekana mara 19 kati ya 50.
Bikoni ikiwa 100, jioni ya siku hiyohiyo: mara 45 kati ya 50.

Mzee, heshima yako. Lakini zile tano zilizokosekana zimefuatana. Skani ya 31 hadi 35, moja baada ya nyingine, kisha zote zilizofuata ziko sawa. Kama ni bahati ya kugongana hewani, zingetawanyika.

#47 Kipanga5
Rada.

#48 dada_terminali
Skani tano ni muda gani?

#49 Mpiga_Mbiu
Niliweka sekunde 15 kati ya moja na nyingine. Kama dakika moja na robo.

#50 fundi_wa_paa
Rada ingeifukuza ruta kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30, si dakika moja. Ila dakika moja inanikumbusha zile sekunde 60 za kusikiliza kabla ya kutangaza. Inaonekana kama redio ya ruta ilizimika ikawaka upya. Tazama ruta imewaka muda gani bila kuzima.

#51 Mpiga_Mbiu
Siku 9.

#52 fundi_wa_paa
Ruta nzima ndiyo siku 9. Redio ya 5 GHz peke yake inaweza kujiwasha upya bila ruta kuzima. Logi ya ruta inasemaje?

#53 Mpiga_Mbiu
Logi ya ruta hii inaandika nani kaingia na nani katoka, basi. Simu ilikuwa imeunganishwa 5 GHz muda huo na sikuona ikikatika, ingawa sikuwa nikiitazama.

#54 Mzee_wa_Masafa
Simu huwa zinahamia 2.4 zenyewe bila kukwambia, kwa hiyo ushahidi huo haushiki. Mimi nashuku laptopu. Kitu kingine kiliomba skani muda uleule, kwa mfano NetworkManager, programu inayosimamia mitandao ya laptopu, na amri yako ikarudi na kosa. Script yako ilihesabu kosa kama "haipo"?

#55 Mpiga_Mbiu
Ilitafuta jina kwenye matokeo tu. Kosa lingehesabiwa "haipo", kweli. Lakini mara tano mfululizo?

#56 dada_terminali
Acha `iw event -t` ikiandika kwenye faili usiku kucha, na script irudiwe ikitenganisha kosa na kutoonekana. Simu iweke mbele yako, 2.4 ya ruta izime kabisa ili isiwe na pa kukimbilia.

#57 Sauti_ya_Mbali
Na uandike majina yote yanayoonekana kila skani, pamoja na nchi wanazotangaza. `iw dev wlan0 scan | grep -i country`. Kama jirani hayumo, nitanyamaza.

#58 Mpiga_Mbiu
Nimeanza muda huu, saa tano usiku. Majirani wanane wanatangaza nchi yetu, mmoja anatangaza JP, yaani Japani. Sauti_ya_Mbali, huyu wa JP yuko chaneli 108.

#59 Sauti_ya_Mbali
Nipo, silali.